Kabla Hujaikacha Maabara

Mdogo wangu wa Mbagala, barua yako imenikaa kifuani. Unasema uliwekewa vali ya chuma kwa sababu homa ya baridi yabisi uliyougua utotoni ilikuharibia vali ya kuzaliwa nayo, unameza wafarini kila siku, na umechoka kutobolewa. Mishipa imejificha, mikono imejaa mabaka ya zambarau, kazini wananong'ona kwamba mume anakupiga, na msimamizi ameshaanza kuhesabu ruhusa zako. Sasa umefikia kujiuliza kwa nini usiendelee na vidonge tu, ukaachana na maabara.

Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu hauko peke yako. Wananiandikia wenye vali kama wewe, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na akina mama waliopata bonge la damu mguuni baada ya kujifungua. Swali lao ni hilohilo. Jibu langu ni hapana, usiache kupima. Lakini sitakuacha na hapana tupu, maana njia ya kupunguza sindano ipo, ila inapita humohumo maabara.

Tuanze na kwa nini. Ini lako hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu, na wafarini inaibana kazi hiyo. Tatizo ni kwamba haina dozi moja inayomfaa kila mtu. Chukua wanawake wawili wa umri mmoja na kilo zilezile: mmoja atatosheka na miligramu 3 kwa siku, mwingine atahitaji 8, na hakuna daktari anayeweza kujua kwa kuwatazama. Wewe mwenyewe unaweza kuhitaji dozi tofauti na ya mwezi uliopita. Dawa ikipungua, bonge la damu linaweza kujijenga kwenye vali, likakatika na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Dawa ikizidi, unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Na mwili haukwambii uko upande gani. Mtu ambaye INR yake imefika 6 anaweza kuamka salama, akapika chai, akapanda daladala, akacheka na wenzake, bila kuhisi lolote.

Hiyo INR, namba inayoonyesha damu inavyochelewa kuganda, ndiyo inayotafutwa kila unapotobolewa. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio na waliopata bonge mguuni kwa kawaida hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Vali ya chuma iliyowekwa upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini cha moyo, ile wanayoiita mitrali, mara nyingi huhitaji 2.5 hadi 3.5. Muulize daktari wako kiwango chako hasa ni kipi, ukiandike kwenye jalada la daftari la kliniki. Namba hiyo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 1983 ili majibu ya maabara moja yalingane na ya nyingine, kwa hiyo ukisafiri kwenda Mwanza kumuuguza mama, unaweza kupima huko na daktari wako wa Dar es Salaam akaielewa.

Najua pia umeshatumiwa ule ujumbe wa WhatsApp kwamba wafarini ni sumu ya panya. Ni kweli iliuzwa kwa kazi hiyo Marekani kuanzia mwaka 1948. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower alipewa baada ya kupata shambulio la moyo. Tofauti kati ya kukuua na kukuponya iko kwenye dozi, na dozi yako haijulikani mpaka upimwe. Anayekutisha kwa ujumbe ule, mwambie hivyo.

Sasa tuje kwenye mikono yako, maana huko ndiko kunakouma.

Kipimo cha INR hakihitaji kufunga. Wengi wanakwenda asubuhi na njaa na kiu wakidhani ni kama kipimo cha sukari, na mtu mwenye kiu mishipa yake husinyaa. Kunywa chai yako, kula, na kama daktari hajakuwekea kikomo cha maji kwa ajili ya moyo, ongeza glasi mbili za maji kabla hujatoka nyumbani. Ukikuta chumba cha maabara kina kiyoyozi kikali, fumbata chupa ya maji ya uvuguvugu ukiwa kwenye foleni na uuning'inize mkono chini. Mshipa unapenda joto na kuning'inia.

Ukikaa kwenye kile kiti, sema. Mwambie mtaalamu wa maabara kwamba unatumia wafarini, unapimwa mara kwa mara, na mshipa fulani ndio unaokubali. Muulize kama wana sindano nyembamba yenye mabawa, ile wanayoiita kipepeo, ambayo inafaa mishipa midogo na ya nyuma ya kiganja. Akikosa mara ya kwanza, binadamu hukosa. Akikosa mara ya pili, omba kwa upole mwenzake ajaribu. Huo si ujeuri. Mkono ni wako na wiki ijayo utauhitaji tena. Na uwe unabadilisha, leo wa kulia, safari ijayo wa kushoto.

Yale mabaka ya zambarau mara nyingi hutokea baada ya sindano kutoka. Wengi wetu tumezoea kuwekewa pamba, tukakunja kiwiko, tukasimama kwenda zetu. Kwa anayetumia dawa hii haifai kabisa. Nyoosha mkono, bonyeza pamba kwa kidole mwenyewe, dakika tano kamili au zaidi bila kuchungulia, wala usisugue. Hata kama foleni inakusukuma, sogea ukae kwenye benchi ubonyeze. Siku hiyo usibebe ndoo wala mtoto kwa mkono uliotobolewa. Ikitokea uvimbe mgumu unaozidi kukua, au vidole vikafa ganzi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe mwingine uliyeniandikia kwamba unaanguka ukiona sindano tu, usione haya. Waambie kabla, wakulaze kitandani watoe damu ukiwa umelala. Kabla ya kutobolewa kaza misuli ya mapaja na tumbo, legeza kidogo, kaza tena. Presha ya damu haishuki ghafla, na kizunguzungu hupungua. Sindano inapoingia, toa pumzi taratibu.

Ipo pia mashine ndogo ya mkononi inayopima INR kwa tone la damu la kidoleni, kama ile ya sukari. Baadhi ya kliniki wanayo, na katika nchi kama Ujerumani wagonjwa wengi wanafundishwa kujipima nyumbani. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaojipima wenyewe baada ya kufundishwa vizuri hupata mabonge ya damu kwa uchache kuliko wengine. Vijiti vyake vya kupimia si rahisi kwa mfuko wa wengi wetu, lakini kuuliza kliniki kama wanayo hakugharimu kitu.

Haya, kupunguza sindano zenyewe. Mwanzoni mwa dawa, au dozi ikibadilishwa, hupimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki. Namba ikitulia, wanakusogeza wiki mbili, wiki nne. Wapo waliotulia kwa miezi mingi ambao madaktari wao huwaruhusu kufika hata wiki 12. Kwa hiyo mdogo wangu, hizo wiki kwa wiki unazoziona kama kifungo cha maisha ni dalili kwamba namba yako bado inapanda na kushuka. Ukikwepa kipimo kimoja, ratiba inaweza kurudi mwanzo. Swali la kufanyia kazi ni kitu gani kinaiyumbisha namba yako.

Wa kwanza kulaumiwa huwa mchicha, na kwa makosa. Wapo walioambiwa waache kabisa mboga za majani, wakaacha, wakabaki na ugali na dagaa na upungufu wa damu juu yake. Hukukatazwa mchicha, wala matembele, wala kisamvu, wala sukuma wiki. Zina vitamini K nyingi, na vitamini K huipunguzia wafarini nguvu, lakini daktari anaweza kupanga dozi inayoendana na mboga zako mradi ule kiasi kinachokaribiana wiki hadi wiki. Kinachovuruga ni kuruka. Mshahara ukiingia ni nyama na chipsi, mwezi ukigeuka ni mboga za majani mchana na usiku, na INR inapanda na kushuka pamoja na pochi. Wakati wa Ramadhani pia mlo hubadilika, kwa hiyo iambie kliniki mapema, wakupangie kupima katikati ya mwezi. Unga wa mlonge unaotangazwa kila kona ni majani ya kijani yaliyokaushwa na kusagwa. Usiuanze wala kuuacha bila kumwambia anayekupima. Dawa za mitishamba ambazo hata muuzaji hajui zina nini, kaa nazo mbali. Na pombe nyingi kwa siku moja huisukuma namba hovyo.

Lakini kama ningeruhusiwa kukuonya juu ya kitu kimoja tu, ningekuonya juu ya duka la dawa la mtaani. Hapo ndipo INR za watu wengi zinapoharibikia. Unaumwa tumbo, unanunua Flagyl. Una kikohozi, unapewa Septrin. Una fangasi, unapewa fluconazole. Mkojo unachoma, unapewa ciprofloxacin. Zote hizo zinaweza kuipandisha INR kwa siku chache tu, kwa kiasi cha kukufikisha kwenye kuvuja damu. Diklofenaki na ibuprofeni zina ubaya mwingine, zinachubua tumbo na kuongeza kuvuja, hata namba ikiwa imetulia. Aspirini vilevile, isipokuwa kama daktari wako wa moyo mwenyewe ndiye amekuandikia. Kwa maumivu na homa, Panadol ndiyo salama zaidi, lakini ukiimeza kila siku kwa wiki nzima nayo inaweza kuipandisha namba. Upande wa pili kuna rifampicin ya kifua kikuu, ambayo huishusha wafarini sana, kisha unapoimaliza namba inaruka juu. Aliyeanzishiwa dawa za TB asisubiri tarehe yake ya kawaida.

Basi iwe desturi: kabla hujanunua chochote, sema "natumia wafarini". Ukianza dawa mpya au ukiacha ya zamani, piga simu kliniki, na mara nyingi watakuambia upime ndani ya siku tatu hadi tano. Ndiyo, ni sindano ya ziada. Lakini hiyo moja inakuokoa na nyingi za kurekebisha namba iliyopotea. Fanya hivyohivyo ukiugua malaria au ukiharisha, kwa sababu homa na kutokula huipandisha namba hata bila dawa nyingine.

Dispensari wakitaka kukuchoma sindano ya makalio ya maumivu au ya homa, kataa kwa adabu na uombe vidonge, maana damu inaweza kuvilia ndani ya msuli. Penadur, ile sindano ya penisilini, ni suala jingine. Najua wengi wenu mliougua baridi yabisi mnachomwa kila baada ya wiki tatu au nne ili isirudi. Usiiache kwa kuogopa wafarini. Mwonyeshe muuguzi INR yako ya karibuni, akuchome polepole, na mbonyeze muda mrefu baadaye. Namba ikiwa juu kupita kiwango chako, mpigieni kwanza daktari.

Vidonge vyenyewe vimeze jioni. Nasema jioni kwa sababu majibu ya asubuhi yakitaka dozi ibadilike, unaibadilisha siku hiyohiyo. Ukisahau, na ukakumbuka kabla siku haijaisha, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita, endelea na ya leo, usizidishe mara mbili, kisha uandike daftarini kwamba ulikosa. Watu wanaficha hili, daktari anaongeza dozi kwa namba ambayo imeshuka kwa sababu ya kusahau, na wiki inayofuata namba inapaa. Useme ukweli, hakuna atakayekuadhibu. Tena soma miligramu kila unapopewa pakiti mpya, usiamini rangi. Kampuni tofauti hupaka rangi tofauti, na kidonge cha waridi cha leo si lazima kiwe na nguvu sawa na cha waridi cha mwezi uliopita.

Ukibadilishiwa dozi, uwe na subira. Protini zilizokwisha kutengenezwa huchukua siku kadhaa kuisha mwilini, kwa hiyo namba ya kesho bado inaeleza dozi ya juzi. Anayepima leo, akabadilisha, akapima kesho, akabadilisha tena, anajichosha na kuivuruga namba yake.

Na kila unapopima, usitoke mikono mitupu. Nataka utoke na namba, dozi ya kumeza hadi safari ijayo, na tarehe ya kurudi, vyote vimeandikwa. Wakikuambia majibu ni mazuri tu, sema naomba namba. Ikiwa namba imekuja ya ajabu, mathalani 5 wakati hujabadilisha chochote, uliza kama inaweza kurudiwa kabla ya kuvuruga dozi. Damu ya INR huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu chenye dawa kidogo ndani, na lazima ijae hadi kwenye mstari. Isipofika, vipimo vya damu na dawa vinapishana na INR inaweza kutoka juu kuliko ilivyo kweli. Kukitazama kichupa chako kama kimejaa ni haki yako.

Umeuliza pia kwa nini shangazi yako anameza rivaroksabani na hapimwi INR. Wengi wenye mapigo yasiyo na mpangilio au bonge la mguuni hutibiwa vizuri na dawa hizo mpya. Kwa vali ya chuma, hapana. Utafiti wa dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, kwa watu wenye vali kama yako, uliochapishwa mwaka 2013, ulisimamishwa mapema kwa sababu walipata mabonge mengi zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko waliokuwa kwenye wafarini. Na mwaka 2022 utafiti wa watu zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la wafarini waliishi zaidi ya waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo hunyimwi dawa nzuri kwa sababu ya umaskini. Kwa moyo wako, iliyo nzuri ndiyo hiyo unayomeza.

Kuhusu kazi, omba kliniki ikuandikie barua moja inayoeleza kwamba unahitaji kupimwa damu kwa ratiba. Msimamizi akiiona kwenye karatasi yenye muhuri, anaacha kudhani unatega. Uliza pia kama unaweza kupima kwenye maabara iliyo karibu na kwako saa moja asubuhi, ukatuma namba kliniki na kupokea dozi kwa simu. Si kila safari ni lazima umwone daktari bingwa. Kule Eldoret, Kenya, katika hospitali ya rufaa ya Moi, kliniki ya dawa hizi inaendeshwa na wafamasia, na wanaifanya vizuri.

Minong'ono ya mabaka, waambie tu wazi unatumia dawa ya damu. Na kama kuna ukweli wowote ndani ya minong'ono hiyo, mdogo wangu, niandikie tena leo hii, maana pigo la kichwa kwa mtu wa wafarini ni dharura ya hospitali hata kama anajisikia mzima.

Umegusia mtoto kwa mstari mmoja, nami sitaupita. Zungumza na daktari kabla hujashika mimba. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha ghafla kunaweza kuiziba vali na kukuua wewe. Kuna mipango ya kuvuka hapo, mingine ya sindano za heparini kwa muda, lakini inahitaji kuanza mapema. Siku zako zikichelewa, pima mimba siku hiyo, usisubiri tumbo. Ukishajifungua, kunyonyesha ukiwa kwenye wafarini kunaruhusiwa.

Yafuatayo hayangoji tarehe ya kliniki: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, damu ya puani isiyokoma, hedhi inayolowesha kuliko kawaida yako, kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu usiyowahi kuijua. Vilevile mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Na wewe wa vali ya chuma unaujua ule mlio wake unaousikia usiku kukiwa kimya. Ukififia au ukipotea, amsha watu, nenda.

Kwa sasa meza kidonge chako cha jioni kama ulivyoandikiwa. Jumatatu kunywa chai, chukua daftari, nenda ukapime kabla ya kazi. Katika daftari hilo andika dawa zote ulizonunua dukani tangu kipimo kilichopita, hata zile za siku mbili, na siku ulizosahau kidonge, kisha umwonyeshe anayekupima. Nitumie namba ukiipata.